Mwenye Mgonjwa

Igamba, Mbozi
9 Machi 2025

Mdogo wangu Loisi,

Bwana Yesu asifiwe. Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na wanao, na hilo joto lenu la Galula linalopika watu wakiwa wamekaa. Sisi huku mvua imetukubali. Mibuni imezaa, mahindi yamebeba, na paa la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana. Mwanangu Rabson yuko salama Tunduma. Kazi yake ya kutoa mizigo mpakani inakwenda vizuri, na sasa wamemchagua mzee wa kanisa pale Mpemba. Amenenepa shingo.

Utashangaa kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Sauti imekwisha. Ilianza kukwaruza mwezi wa kumi, na sasa nikifungua mdomo natoa mlio wa mlango. Ni saratani ya umio. Daktari alinieleza vizuri, nikamshukuru, nikaenda zangu sokoni kununua chumvi. Ujumbe wa simu sitaki, maana simu yangu inachezewa na kila mjukuu, na wewe kupata mtandao mpaka upande kilima. Barua zetu atabeba Priska wa mitumba, yule wa Mpemba, anayekuja gulio la kwenu kila baada ya wiki mbili.

Sasa soma hapa mara mbili, kwa sababu najua wewe husoma haraka ukaruka maneno. Hospitalini kuna nesi wa huduma shufaa, wale wanaowatunza wagonjwa wasiopona. Aliniambia mtu anaweza kuandika mapema namna anavyotaka kutunzwa siku atakaposhindwa kujieleza. Nimeandika. Sitaki mpira wa kunilisha kupitia tumboni. Sitaki kuhamishwa huku na huko nikitafutiwa mashine. Nataka dawa ya maumivu, na nataka kufa nyumbani kwangu Igamba, kitandani kwangu, nikiiona mibuni yangu. Na siku nisipojiweza, wa kusema kwa niaba yangu ni wewe.

Rabson siwezi kumpa. Rabson ananipenda mbele za watu. Ataniweka kwenye mipira mwaka mzima ili wasije wakasema mzee wa kanisa amemwacha mama yake afe kwa njaa. Nimekuchagua wewe kwa kuwa wa tumbo moja tumebaki wawili, na kwa kuwa tangu utoto hujawahi kunibishia.

Karatasi iko ndani ya bahasha hii niliyoifunga. Mchungaji amesaini kama shahidi na kugonga mhuri. Sikumpa asome, nilifunika maandishi kwa kiganja, maana wachungaji nao wana midomo. Nesi naye alisaini, ila amehamishwa mkoa. Nje nimeandika WOSIA kwa herufi kubwa ili iheshimiwe. Usiifungue mpaka ihitajike, na ukiitwa, uje.

Dada yako,
Mwalimu Ketrina


Galula
2 Aprili 2025

Dada Ketrina,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta shambani mikono ikiwa na tope. Huku hatujambo. Mpunga unaanza kuinamisha vichwa, na ndege nao wameshapata habari. Aida wangu amejifungua mtoto wa kiume, kilo tatu, amepewa jina la babu yake. Kwa hiyo nyumbani kwangu Sadoki anaitwa tena kutwa nzima, na kila akiitwa mimi naangalia mlangoni.

Pole sana kwa ugonjwa. Nililia. Kisha nikaenda kuchota maji, kwa sababu kulia hakujazi ndoo.

Bahasha nimeipokea, iko chini ya godoro langu. Nimeona umeifunga na kuandika Wosia. Dada, watu wa kwetu unawajua, wosia hawaugusi mpaka matanga yaishe. Ningekuwa mimi ningeiacha wazi nikaandika tu kwamba ni ya daktari. Lakini mwalimu ni wewe.

Nami nina neno langu, na si geni. Mwaka huu ni wa kumi na tisa tangu shimo la dhahabu limwangukie mume wangu Sadoki likamvunja mgongo. Walimkimbiza hospitali kubwa, karibu na ulipokuwa ukifundisha, na mimi nilikuwa kitandani na kidonda, nimepasuliwa ili Aida atoke. Daktari alipouliza mwenye mgonjwa ni nani, ulisema ni wewe. Nikakutumia barua kwa dereva wa lori: mleteni nyumbani, nitamtunza hivyohivyo alivyo. Siku ya arobaini na moja nikaletewa sanduku.

Nilikuuliza msibani. Nikakuuliza kwenye harusi ya Rabson. Mara zote mbili ulinituma nikaangalie sufuria. Sasa nauliza kwa maandishi. Sadoki alisema nini mwishoni?

Mdogo wako,
Loisi


Igamba
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Mdogo wangu Loisi,

Amefufuka kweli. Hongera kwa mjukuu. Ungeniuliza, nisingekubali jina hilo. Mtoto hurithishwa jina la mtu aliyekuwa na bahati.

Leo kanisani nimefungua na kufunga mdomo tu wakati wenzangu wanaimba. Chakula nacho kimenikataa. Nameza uji mwepesi, na huo nao hukwama nikautema kikombeni. Jana Rabson alikuja na gari jipya, akanipiga picha nimeshika kikombe, akaituma kwenye kundi la wazee wa kanisa. Walijibu Amina thelathini na mbili. Alinisomea zote.

Kuhusu bahasha, usinifundishe. Nimesimama ubaoni miaka thelathini na sita. Karatasi isiyofungwa na kugongwa mhuri ni ya kufungia maandazi.

Kuhusu Sadoki, yale ni ya Mungu. Alitunzwa kuliko ambavyo angetunzwa kwenye nyumba yenu ya udongo. Shuka zake nilifua mimi kwa mikono hii. Umeandika nusu ukurasa juu ya marehemu na mistari miwili juu yangu mimi ambaye bado nipo. Jibu langu ni hilo, na barua ijayo nategemea kuulizwa hali.

Dada yako,
Mwalimu Ketrina


Galula
18 Mei 2025

Dada Ketrina,

Shikamoo. Hali yako inaendeleaje? Hapo nimeuliza.

Mpunga tumevuna, si haba. Mtoto ameanza kucheka. Barua yako nimeisoma mara mbili kama ulivyonifundisha. Habari za shuka sikuuliza. Niliuliza alisema nini.

Bahasha bado iko chini ya godoro, na mimi bado nalala juu yake.

Loisi


Mpemba, Tunduma
29 Juni 2025

Mdogo wangu Loisi,

Nakusalimu, maana adabu haikukatwa pamoja na tumbo. Rabson hajambo, mkewe Mercy hajambo, malori hayajambo. Nayaona dirishani tangu alfajiri yamepanga foleni kwenda mpakani, madereva wanapika ugali kando ya barabara. Harufu ya mboga yao inaingia mpaka hapa.

Tarehe kumi nilianguka jikoni Igamba. Nilipozinduka nilikuwa hospitalini na mpira unatoka tumboni mwangu. Rabson ndiye aliyesaini. Nilichukua karatasi nikamwandikia daktari kwamba sikuutaka. Alisoma, akamgeukia Rabson, akamuuliza, "Mama huwa anachanganyikiwa?" Rabson akasema, "Tangu augue, daktari. Tumwombee tu." Daktari akaikunja karatasi yangu akaitia mfukoni mwa koti, na sikumwona tena.

Sasa nimewekwa chumba cha mbele. Mara nne kwa siku Mercy anamimina maziwa na uji kwa bomba kubwa la sindano, uso kaugeuzia pembeni. Jumamosi jumuiya inakuja. Rabson hufunua khanga awaonyeshe mpira unavyofanya kazi. "Mungu ni mwema, mama anakula!" Wanaimba, wanawake wananishika miguu, mtoto mmoja aliuliza kama mimi ni bomba. Wiki iliyopita niliuvuta. Tangu hapo wamenifunga mikono kwa khanga zangu mwenyewe, zile nilizopewa nilipostaafu. Leo wote wako kanisani, ni Priska aliyenifungua, na amekaa hapa anaangalia saa.

Dawa ya maumivu wananipa wanapokumbuka. Sijaonja kitu ulimini tangu tarehe kumi na bado tumbo linajaa. Nimekasirika, Loisi, kuliko nilivyowahi kukasirika maishani.

Karatasi yangu ilikuwa wapi? Wewe ulikuwa wapi?

Ketrina


Galula
13 Julai 2025

Dada Ketrina,

Shikamoo, na pole kwa mateso. Huku jua kali, maji ya kisima yamekwenda chini, mtoto anaota meno na ananing'ata bega. Aida anakusalimu.

Umeuliza nilikuwa wapi. Nilikuwepo. Ulipoanguka, Rabson alituma pikipiki kunichukua, nikafika Mpemba mgongo hauna hisia. Kikao kilikuwa sebuleni kwake: Rabson, Mercy, baba mdogo Yonasi na mimi. Mchungaji wako wa Igamba alikuwa safarini. Rabson akasema, "Daktari anataka jibu kuhusu mpira. Kuna mtu mwenye neno la mama?" Nikatoa bahasha.

Baba mdogo Yonasi aliona Wosia, akaona na mhuri, akasimama kabisa. "Rudisha hiyo, mwanangu. Wosia wa mtu anayepumua haufunguliwi. Ukiufungua unamchimbia kaburi." Mercy akafunika macho. Rabson akasema Amina.

Ningeweza kuwaambia hii si ya mali, ni ya matibabu, na humo ndani mnakatazwa huo mpira. Nilikuwa nayajua yaliyomo, uliniandikia mwenyewe. Maneno yalikuwa hapa mdomoni. Nikairudisha bahasha kwenye mkoba nikaomba chai. Chai ilikuwa tamu.

Sitaki udhani nilisahau au niliogopa. Nilikumbuka wewe ulivyosema ni mwenye mgonjwa, nikawaachia nao wawe wenye mgonjwa.

Sasa Rabson anaweza kukuweka hivyo mpaka Krismasi. Karatasi ninayo. Mchungaji akirudi na akikiri kwamba mhuri ni wake, itafunguliwa, na baba mdogo hatabisha. Naweza kwenda kwa mchungaji, na naweza kukaa hapa nikipepeta mpunga wangu. Niambie Sadoki alisema nini.

Loisi


Mpemba
27 Julai 2025

Mdogo wangu,

Leo sina salamu. Ibada ni fupi, Priska anachungulia barabarani.

Barua yako ya wakati ule niliipata siku ya nne. Dereva aliniletea mkononi. Niliisoma nikaona ni ujinga wa mwanamke mwenye kidonda kibichi, anayetaka kuletewa mtu asiyeweza kujigeuza. Mimi ndiye niliyesoma katika familia. Nikamwambia daktari kwamba mke ameafiki mgonjwa abaki.

Ila Sadoki hakuacha. Kila nikiingia wodini: nirudisheni Galula, nimwone mtoto. Wagonjwa wengine wakaanza kunitazama kama mimi ndiye niliyemvunja. Siku ya kumi na saba nilichoka. Nikamwambia umeandika. Nikamwambia umesema hutaki kubebeshwa kilema, abaki hukohuko. Nikaitoa barua yako kwenye mkoba nikamwonyesha kwa mbali. Kusoma hakujua, lakini mwandiko wako aliujua.

Aligeukia ukutani. Hakusema neno tena mpaka mwisho. Jibu la swali lako ndilo hilo, Loisi: hakusema kitu. Ndiyo maana nilikuwa nakutuma kwenye sufuria.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini nenda kwa mchungaji. Nirudisheni Igamba. Naoza huku nimeshiba.

Ketrina


Mpemba, kwa Priska
19 Agosti 2025

Dada Ketrina,

Shikamoo. Galula wote wazima. Niko mtaa wa pili kutoka kwako, nimefikia kwa Priska. Jumamosi niliwasikia jumuiya wakikuimbia.

Wiki tatu sikukuandikia. Barua yako nilimsomea Aida akiwa ananyonyesha, na yeye alinipa mtoto akatoka nje. Kisha nikachukua jembe nikalima. Ni kiangazi, hakuna kinacholimwa, lakini nililima mpaka majirani wakaja kunitazama. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikidhani alikufa ananiita. Nilikuwa nalia kwa ajili hiyo, na kumbe hata hicho sikuwa nacho.

Jana tulikaa ofisini kwa mchungaji, walewale wa kikao cha kwanza. Mchungaji aliutambua mhuri wake. Akasema huu si wosia wa mali, ni neno la mgonjwa, na aliyetajwa ndiye asome. Nikasoma. Hataki mpira. Rabson akajifunika uso kwa leso, analia, na katika kile kilio nilisikia mtu anayetuliwa gunia. Sasa anayo karatasi ya kuwaambia watu. Hataki mashine. Anataka dawa ya maumivu. Wa kusema ni Loisi.

Pale ulipoandika unataka kufa nyumbani kwako Igamba, nikasoma: nyumbani kwa mdogo wangu Loisi, Galula. Baba mdogo macho yake unayajua, haoni herufi ndogo. Mchungaji alitazama saa. Mercy alikuwa ameshaanza kuuliza nani atabeba godoro. Niliwaonyesha karatasi kwa mbali, na mwandiko wako wanaujua.

Daktari amekubali uondoke. Mpira hautolewi nyumbani, lakini hakuna atakayemimina kitu humo. Utalala kwenye kitanda alichokiomba Sadoki. Mibuni hakuna, kuna ukuta. Dawa ya maumivu nimekabidhiwa chupa nzima na nitakupa kwa saa zake, mimi si wewe. Midomo nitakulowanishia kwa pamba. Na nitaongea. Kila siku, tangu kuamka, nitakueleza yeye alikuwa nani, na wewe huna sauti ya kunikatisha.

Karatasi imeishia motoni, jikoni kwa Priska. Barua hii unaweza kumwonyesha Rabson, mikono yako sasa imefunguliwa. Atajua nimedanganya. Atakosa karatasi ya kuwaambia jumuiya, na utabaki hapo na bomba la Mercy. Ukinyamaza, gari litakuja keshokutwa Alhamisi asubuhi.

Uje na khanga mbili na Biblia. Kalamu uiache.

Loisi


Mpemba
20 Agosti 2025

Mdogo wangu Loisi,

Nakusalimu. Wote hapa hawajambo. Mercy amefungasha vitu vyangu tangu jana huku akiimba, na Rabson amewaambia jumuiya kwamba anatii neno la mama. Wamempongeza.

Barua yako nimeitupa jikoni, kwenye mkaa. Gari lije mapema, kabla malori hayajaziba barabara. Ulisoma vizuri ile karatasi, nakiri. Nilikufundisha mimi.

Kuna jambo moja. Nilikuandikia kwamba Sadoki aligeukia ukutani akanyamaza mpaka mwisho. Sivyo. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu aliniita, akaniambia niiname, akanipa neno nikuletee. Neno fupi, la kwako peke yako. Nilikuwa nimeliweka, nikuandikie siku ya kwanza nitakayolala Igamba.

Umesema kalamu niiache. Nimeiacha.

Ketrina